Jina Kabla ya Jumapili

Ragna aliamka asubuhi hiyo akiwa na kazi mbili: kunyoa miguu na kujifunza kusema uongo.

Ya kwanza ilimshinda mapema. Tumbo lilikuwa limekwisha kuondoka, lakini mgongo ulikuwa bado haujapata habari, na kila alipoinama kwenye beseni la kuogea ulimkumbusha kwa maumivu kama ya kisu. Akanyoa mguu mmoja mpaka gotini, akautazama wa pili, akauambia, "Wewe kaa hivyo hivyo." Mkunga atakayempima leo ndiye aliyemzalisha wiki sita zilizopita, tena chini ya taa kali. Nywele za mguu zisingemshtua.

Ya pili aliifanya mbele ya kioo. "Kila kitu kiko sawa," akasema. Ikatoka haraka mno. Akarudia polepole, na tabasamu juu. Sasa akafanana na mtu anayeuza bima. Akajaribu mara nyingine huku anafunga nywele, kama mtu asiye na habari na jambo lolote, na hapo akaona afadhali.

Mwili wake haukumtia wasiwasi. Kilichomtia wasiwasi kilikuwa kimelala chumba cha pili, kimefungwa blanketi la sufu mpaka kidevuni. Ragna aliamini kwamba hampendi mtoto wake.

Hakuwa amemwambia mtu. Kumnyonyesha alimnyonyesha, nepi alizibadilisha, nguo zake ndogondogo alizifua na kuzianika kwa mpangilio ambao hata mama mkwe hakuutia dosari, na mama mkwe huyo angeweza kutia dosari machweo ya jua. Mikono ilifanya yote. Lakini lile jambo walilomsimulia wenzake, kwamba mtoto akishawekwa kifuani moyo unapasuka kwa mapenzi, lilimpita kama basi lisilo na kituo mtaani kwao. Alipowekewa mtoto kifuani aliwaza mkate na siagi. Aliyelia ni Hallmar, mumewe. Alilia machozi ya watu watatu, akasema, "Tazama kifurushi chetu!" Tangu hapo mtoto akaitwa Kifurushi, na kila Ragna aliposikia neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kifurushi ni kitu unachomtunzia mtu mpaka mwenyewe aje akichukue.

Jina la kweli halikuwepo. Pale Ísafjörður, mji wao mdogo wa baridi kando ya bahari, mtoto hatajwi jina kabla ya ubatizo. Wazazi wakishalichagua hulifungia mdomoni mpaka siku ya maji, hata bibi yake mzaa baba haambiwi. Watu hukisia, hupekua, huchokoza, na kulipata kabla ya siku ni aibu kwa aliyelitoa na kwa aliyelipokea. Desturi hiyo ilimfaa sana Ragna. Alipoulizwa alitabasamu kwa siri, na watu wakadhani anaficha kitu kizuri. Maskini, hakuwa na cha kuficha. Hallmar alikuwa amemwachia uchaguzi: "La baba analichukua kwangu, la kwake mwenyewe mchagulie wewe. Utalijua ukimjua." Basi Ragna akawa anamvisha mtoto majina kama mtu anayejaribu kofia dukani, na hakuna lililomkaa. Siku moja alijaribu hata Jórunn, jina la zama za kale, na Hallmar akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Jórunn! Huyo si mtoto, huyo ni bibi kizee anayenusa tumbaku." Wakaliacha.

Leo ilikuwa Jumatano. Ubatizo ulikuwa Jumapili, na Hallmar alikuwa juu milimani na mafundi wenzake wakisimamisha nguzo za umeme zilizoangushwa na dhoruba ya majira ya baridi. Na Ragna alikuwa anakwenda kuchunguzwa. Mkunga atamtazama mara moja tu, ajue. Kisha labda wamchukue mtoto. Au, na hili ndilo lililomwogopesha zaidi, wasimchukue, wamwambie tu kwamba ndivyo atakavyokuwa maisha yake yote, mama wa mikono tu.

Mlango wa mbele ukafunguka.

"Hodi!" Gudny, mama mkwe, alikuwa ameshafika jikoni hodi yake ikiwa bado inamfuata nyuma. "Bado hujavaa? Mimi nilipokwenda kupimwa baada ya Hallmar nilikuwa nimeshakamua ng'ombe."

"Hukuwa na ng'ombe, Gudny." Ragna alimwita jina lake tupu, maana kwao hata mchungaji huitwa hivyo.

"Wa jirani. Usinikate maneno." Akatoa mfukoni kofia ndogo nyeupe ya sufu. "Nimemfumia bibi arusi wetu wa Jumapili. Sasa hapa mbele pamebaki nafasi. Herufi moja tu inatosha. Sitaki jina, mimi si mpekuzi. Nitajie herufi."

"Fuma nyota."

"Nyota! Kwani mtoto ni bendera?" Gudny akamwinamia mtoto, na sauti yake ngumu ikalainika kama siagi juani. "Umemsikia mama yako, kipenzi cha bibi? Mchoyo huyo. Anakula jina peke yake."

Ragna akacheka, maana ilibidi. Gudny alikuwa akizungukazunguka jina hilo tangu wiki ya kwanza. Siku moja alileta chapati za maji zenye sukari, akaweka sahani mezani, akasema kila chapati ni swali moja. Jibu lolote lingemfurahisha, isipokuwa lile la kweli.

Walishuka na kigari kando ya bahari. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa mkali kuliko jua. Theluji ilikuwa bado imekaa mabegani mwa milima kama mgeni asiyejua kuaga. Gudny alisukuma, Ragna akatembea pembeni mikono mfukoni, akirudia moyoni: kila kitu kiko sawa, kila kitu kiko sawa. Mtoto alilala. Mwanamke mmoja aliwasimamisha, akachungulia kigarini, akauliza, "Anaitwa nani mrembo huyu?" akajicheka mwenyewe kabla hajajibiwa.

Nje ya kituo cha afya, upande wa ukuta usiopigwa na upepo, vigari viwili vilikuwa vimeshasimama, watoto ndani wamelala fofofo, pua tu nje kwenye baridi. Gudny akakiegesha cha kwao katikati, akakaza breki, akavuta blanketi, akaridhika. Kwao hakuna mwenye akili timamu anayemwingiza mtoto aliyelala ndani ya nyumba yenye joto. Wakavua viatu mlangoni. Gudny akachukua kiti kilicho karibu na dirisha, mahali pa kuvilinda vigari vyote vitatu, akatoa sindano zake za kufumia. Ndani walikuwapo kina mama wawili na mzee mmoja aliyefunga bandeji kidole gumba.

"Kisu?" Gudny akamuuliza mzee.

"Kopo la samaki."

"Uzee," Gudny akamwambia, akaanza kufuma.

Herdis, mkunga, alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya joto, na kwa mkunga mikono ya joto ni nusu ya elimu. Alimlaza Ragna, akamfunika shuka kiunoni, akapima, akabonyeza, akatazama. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa juu. Sufu ya soksi ilimwasha Ragna vidole, akashukuru kupata kitu kingine cha kufikiria.

"Mshono umefunga vizuri mno," Herdis akasema. "Ningekuwa fundi cherehani ningejipongeza. Bwawani umeshakwenda?"

"Nilikatazwa."

"Nakufungulia. Leo hii ukitaka, nenda ukakae kwenye maji ya moto mpaka uchemke."

Hapo Ragna karibu alie. Hakuwa amekaa kwenye bwawa la maji ya moto la mji tangu kabla ya kujifungua, na mtu wa Ísafjörður asiyekwenda bwawani ni sawa na aliyehama. Habari zote huzungumzwa mle, watu wamezama mpaka shingoni.

"Na mguu mmoja umeunyoa," Herdis akasema.

"Niliishiwa nguvu."

"Wengine huja na nusu ya mguu." Akavua glavu. Akagusa kifua chake mwenyewe. "Na huku ndani?"

Ragna akafungua mdomo kuutoa uongo aliouzoeza. "Kila kitu," akasema, akakwama. Maneno mawili yaliyobaki yaligoma kutoka. Akajaribu tena. "Kila kitu nakifanya, Herdis. Namnyonyesha, namwogesha, usiku naamka kabla hajaniamsha. Lakini sisikii kitu. Nafanya kama mtu wa zamu. Nadhani simpendi."

Basi, limetoka. Alitazama dari akisubiri limwangukie.

Herdis hakuandika kitu wala hakuvaa ile sura ya msibani. Alivuta kigoda, akakaa karibu. "Umekaa na hilo peke yako muda wote huu?"

"Ndiyo."

"Hallmar hajui?"

"Hallmar hulia akiona soksi za mtoto. Ningemwambiaje?"

"Hallmar alilia hata siku nilipompima mama yake damu." Kisha Herdis akaacha utani. "Nikuulize, na unijibu kweli. Umewahi kufikiria kumdhuru? Au kujidhuru?"

"Hapana! La, hapana kabisa."

"Vizuri. Unakula? Unalala akilala?"

Ragna alikuwa anaanza kujibu mtoto alipolia nje. Kilio kilipanda, chembamba, kikapenya dirishani. Herdis akageuza kichwa. Ragna hakugeuza.

"Huyo si wangu," akasema. "Kulala nalala, ila nikifumba macho nasikia—"

"Umejuaje?"

"Nini?"

"Kwamba si wako."

"Wangu halii hivyo," Ragna akasema, kwa subira kidogo, kama anayeulizwa njia ya kwenda kwake. "Nilikuwa nasema, nikifumba macho nasikia kama kuna mahali nimesahau kitu." Mlango wa nje ukasikika, mama mmoja akatoka kumtuliza wake, kilio kikaisha. Herdis akamtazama Ragna. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona samaki chini ya mashua na hataki kutikisa maji.

"Mama mwema angejua," Ragna akaendelea. "Angejua hata amwite nani. Jumapili mchungaji ataniuliza jina mbele ya kanisa zima, nami sina. Sina hata—"

Nje mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha heshima, kama cha mzee anayesimama mkutanoni kuanza hotuba. Baada yake pakawa kimya. Ndani ya kimya hicho, kabla hapajatoka kilio chochote, Ragna alikuwa ameshashuka kitandani.

Hakukumbuka suruali. Alikumbuka shuka, akalishika kiunoni kwa mkono mmoja, akafungua mlango kwa mwingine, akapita chumba cha kusubiri kwa soksi zake za sufu na mguu mmoja ulionyolewa. Mzee wa kidole alitazama dari kwa adabu. Kilio kikafyatuka nje, kinene, chenye hasira zote za mtu aliyecheleweshewa chakula, na Ragna akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni mwa kituo:

"Nakuja, Jórunn! Mama anakuja, Jórunn wangu!"

Akaliruka zulia la viatu, akafika ukutani, akamtoa mtoto kigarini na blanketi lake lote. Maziwa yalikuwa yameshatangulia, yamelowesha shati upande mzima. Upepo ulishika shuka na kulipeperusha bila haya. Ragna hakujali. Alikuwa amemweka mtoto shingoni, na mtoto alikuwa ananuka maziwa, sufu na baridi, na anamkaripia sikioni, na Ragna alimjibu, "Najua, najua, bibi kizee wangu, najua." Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, soksi zikinyonya maji ya theluji, na kila chozi lilipotoka kifua kilikuwa chepesi zaidi. Alimpenda. Alimpenda kiasi cha kutaka kumng'ata. Inawezekana alikuwa akimpenda siku zote, ila mapenzi yenyewe yalianzia mikononi, yakifua na kuanika, wakati yeye amekaa mlangoni akisubiri tarumbeta.

Herdis alifika na suruali begani. Hakumwambia "nilijua" wala "si unaona?" Alimfungia shuka vizuri kiunoni kwa fundo la kitaalamu, akangoja kilio kipungue, cha wote wawili.

"Ulishuka kabla hajalia," akasema.

"Hukohoa kwanza. Kila mara."

"Mimi sikusikia kikohozi chochote," Herdis akasema, "na nilikuwa karibu na dirisha kuliko wewe." Akamfuta Ragna uso kwa pindo la koti lake jeupe. "Uchunguzi nimemaliza, sehemu kubwa. Lakini usidhani umenikimbia. Jumanne napita kwako kunywa kahawa, na Jumanne ya pili vilevile. Siku nyingine kile kibaridi cha moyoni kitarudi, na kikirudi uniambie mimi, usimwambie kioo."

Ragna akaduwaa. "Umejuaje mambo ya kioo?"

"Nyote mnasema na kioo. Vaa suruali, mwanangu, kabla mji haujajaa hapa."

Hapo ndipo Ragna alipokumbuka alichopiga kelele. Alihisi damu inampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Siku nne kabla ya ubatizo! Baba mtu mwenyewe hajaambiwa, na mzee wa kopo la samaki anajua! Alirudi ndani, mtoto begani, suruali mkononi, akawakuta wote wamekaa kama picha. Gudny alikuwa amesimama katikati ya chumba na sindano zake za kufumia, na namna alivyozishika haikuhusu kufuma.

"Kuna mtu humu amesikia kitu?" Gudny akauliza.

"Upepo tu," akasema mama wa kwanza.

"Mimi nilikuwa namnyamazisha wangu," akasema wa pili.

Gudny akamgeukia mzee. Mzee akainua kidole chenye bandeji. "Na hili sikio langu la upande huu," akasema, "ni la mapambo."

"Na wewe, Gudny?" Ragna akauliza kwa sauti ndogo.

Mama mkwe, aliyekuwa amehonga chapati, aliyeomba walau herufi, aliyepekua mpaka kabati la nepi, alimtazama mkwe wake machoni. Jina lilikuwa limemjaa mdomoni, tamu, ameletewa bure. Akalimeza.

"Sikio gani nililo nalo mimi tangu lini?" akasema. "Nyonyesha mtoto. Ana njaa, Kifurushi wa watu."

Safari hii neno hilo halikumkwama Ragna popote. Mwenyewe alikuwa ameshakuja kukichukua.

Jioni alimpigia Hallmar, akamwambia jina na yote yaliyotangulia jina, hata yale ya mkate na siagi. Kisha Hallmar akasema kwamba angetamani kuwa amejua, ili asimwache peke yake na hilo, kisha akalia, kama ilivyotarajiwa, kisha akauliza, "Na tumbaku ataanza kunusa lini?"

Ijumaa Ragna alikwenda bwawani. Alizama mpaka shingoni, akafumba macho, mifupa yake yote ikashukuru kwa pamoja. Mvuke ulipopungua aliuona uso wa mzee wa kopo la samaki upande wa pili, kidole juu hewani kisilowe. Kulikuwa na watu wengi, na wote walizungumza habari za hali ya hewa kwa bidii isiyo ya kawaida. "Jumapili tutasikia jina basi," mmoja akasema. "Nani ajuaye," wakaitikia wengine, wakatazama maji. Ragna alizamisha uso asionekane anacheka.

Siku ya maji kanisa lilijaa. Gudny ndiye aliyempakata mtoto mbele ya mchungaji, mtoto kavaa gauni jeupe na ile kofia ya sufu. Mbele ya kofia palikuwa na nyota. Asubuhi, wakati wa kumvisha, Ragna alikuwa ameigeuza kofia na kuona, upande wa ndani ambao hakuna atakayeuona ila sikio la mtoto, herufi J iliyofumwa kwa uzi mwekundu. Aliirudisha kofia kichwani, akaifunga kamba.

"Mtoto huyu ataitwa nani?" mchungaji akauliza.

"Jórunn," Ragna akasema.

Kanisa zima likavuta pumzi kwa mshangao, safu kwa safu, mama wa kwanza na mama wa pili, na mzee wa kopo akashika moyo wake kwa mkono wenye bandeji. Gudny aliwashinda wote. Alifungua macho, akafungua mdomo, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeshtushwa na radi, na kama asingekuwa amempakata mtoto angezimia kwa ajili ya desturi.

Maji yakamiminwa. Jórunn akakunja uso. Akakohoa kidogo, kikohozi kikavu, cha heshima, na hakuna aliyekisikia. Mchungaji aliendelea kusoma na Gudny aliendelea kushangaa, lakini Ragna alikuwa ameshanyoosha mikono.